Shukrani kwa dada daktari wa mifugo, Jinja

Mbwa wetu jike kila akiamka, alipolala pamelowa mkojo. Majirani wakasema tumfukuze. Dada mmoja, daktari wa mifugo hapa Jinja, akaja nyumbani. Kwanza alikataza kabisa tusimnyime maji. Akatuonyesha jinsi ya kukinga mkojo wa asubuhi kwenye kikopo safi, akaupima sukari na maambukizi; hakuona kitu. Ndipo akauliza kama amefungwa kizazi. Ndiyo. Akatueleza, bila haraka, kwamba homoni zikipungua baada ya kufungwa kizazi, misuli inayozuia mkojo huweza kulegea, hasa mbwa akiwa usingizini. Akaandika dawa, jioni akapiga simu kumjulia hali, na nauli akaikataa. Dada, Mungu akubariki. Wenye mbwa kama huyu, tafadhali msiwapige, wapelekeni wapimwe.