Kipande Cheupe: Barua kwa Shoga Yangu wa Mwanza

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila mvua imetukamata, nawe mvua ya Tanga unaijua, ikianza kupiga mabati mwalimu unafunga mdomo unasubiri. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimecheka pale uliposema umeletewa mtoto mwenye usonji (autism) darasani "kwa kuwa wewe ni mtu wa muziki". Nami nilianza hivyohivyo. Ukijulikana unapiga kinanda, watu wanadhani una dawa.

Umeandika kwamba kwaya ikianza anaziba masikio na kukimbilia mlangoni, kwa hiyo hapendi muziki. Hebu subiri kidogo hapo. Mimi nina wangu wa miaka tisa, anakaa dirishani, basi nitamwita wa dirishani. Muhula mzima nilikuwa nimeandika maneno hayohayo kwenye daftari langu: hapendi muziki. Siku moja wenzake wametoka mapumziko, yeye kabaki, mimi nanyoosha vidole kwenye kinanda. Do, re, mi, fa, so, kisha narudi, so, fa, mi, re, do. Polepole, bila kuimba. Alisogea. Nikarudia, akasogea tena, mpaka bega lake likagusa meza. Kila nilipoifikia ile do ya chini, mwili wake ulilegea.

Usiku ule nililala nikiiwaza hiyo do. Ile ngazi ya sauti alijua inaishia wapi. Nyimbo zangu za darasani, je? Kiitikio leo narudia mara mbili, kesho darasa likichangamka narudia mara sita, halafu nampungia mkono mpiga ngoma aendelee. Kwetu sisi huo ndio utamu wenyewe. Kwake ni kupakiwa kwenye daladala ambayo konda hasemi inakwenda wapi wala itasimama lini. Hata mimi ningekimbilia mlango.

Kwa hiyo picha na vipande vya mbao vya rangi ninavyokutumia, kila kipande noti moja, si mapambo, wala si vya kumrahisishia. Kazi yake ni moja: aione sauti kabla haijaja, na aone imebaki kiasi gani iishe.

Utaniambia mbona sisi wa kwaya tunazo alama za mikono. Tunazo, na nilizijaribu mwanzo. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeanzisha huo mtindo wa kuimba kwa do re mi, John Curwen akaueneza na kuuongezea alama za mikono katika karne ya 19, wamisionari wakatuletea, na mpaka leo hakuna mwalimu wa kwaya asiyejua kufumba ngumi kwa do na kulaza kiganja kwa mi. Lakini angalia hitilafu yake. Sauti ikishatoka imepotea, na mkono nao ukishashuka umepotea. Mtoto anayehitaji muda wa kutazama umemnyang'anya vitu viwili kwa mpigo. Kipande cha mbao hakiendi popote. Akigeuka akatazama feni dakika nzima kisha akarudi, anakikuta palepale.

Sasa nikusimulie nilivyokosea, usije ukarudia. Nilikwenda kwa fundi seremala wa Ngamiani nikampa mabaki ya plaiwudi. Nikataka anikatie vipande vyenye meno, kama vile vya picha za kuunganisha wanazochezea watoto, kila kimoja kikiingia kwa jirani yake tu. Nikavipaka rangi, kila sauti na rangi yake. Nilivyojivunia! Wa dirishani alivipanga vyote kabla sijamaliza kuvuta kiti. Kesho yake ndiyo nikaona anavyofanya: anavigeuza vyote chali, rangi chini, mbao tupu juu, anapanga kwa meno. Rangi hakuitazama kabisa. Alikuwa anafanya kazi ya seremala, na kuifanya vizuri sana, ila muziki haukuwamo.

Nikarudi kwa fundi. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa nilipomwambia aondoe meno yote. Sasa vipande ni vya pembe mraba, na vinapangwa ndani ya fremu ya sentimita 40. Kila pigo ni sentimita 10. Noti ya mapigo mawili ina sentimita 20, ya nusu pigo ina 5. Basi. Fremu ikijaa, mapigo manne yametimia. Kipande chochote kinaweza kukaa popote, kwa hiyo ukibadilisha mpangilio wimbo unabadilika, na hapo ndipo macho yanalazimika kuangalia rangi na sikio linalazimika kusikiliza. Zile nukta mbili na vistari vya kwenye vitabu vyetu vya kwaya, ambavyo wewe na mimi vilitutoa jasho Bagamoyo, sijamwonyesha hata siku moja. Noti ndefu ni ndefu. Anaipima kwa kiganja.

Rangi sikubuni mwenyewe. Huko Ufini, Kaarlo Uusitalo alitunga katika miaka ya 1990 namna ya kuandika muziki kwa rangi na maumbo, kwa ajili ya wanafunzi ambao noti za kawaida zinawashinda. Rangi inataja sauti, umbo linataja ni oktavu (ile ngazi nzima ya do mpaka do) ya chini au ya juu. C (do) nyekundu, D (re) kahawia, E (mi) kijivu, F (fa) buluu, G (so) nyeusi, A (la) njano, B (ti) kijani. Nimebandika stika za rangi hizohizo kwenye kinanda, kwa hiyo hakuna kutafsiri chochote: anaona nyeusi, anabonyeza nyeusi. Hiyo kijivu mwanzoni sikuipenda, nikataka niweke ya waridi. Nashukuru sikuweka, maana siku nyekundu iliponiishia nikapaka kipande kimoja rangi ya damu ya mzee, nikidhani ni mamoja, alikitoa kwenye fremu akanirudishia mkononi. Alikuwa na haki. Haikuwa nyekundu.

Lakini kisa nilichotaka kukuandikia hasa ni cha kipande cheupe.

Tulikuwa na kifungu kidogo nilichokitunga mwenyewe: so, so, mi, halafu pigo moja la kimya. Vipande vinne vya sentimita 10, nyeusi, nyeusi, kijivu, na cha nne nikakiacha cheupe kwa sababu kimya hakina rangi. Ndivyo nilivyofikiri. Alipanga vitatu, cha nne akakitazama, akakitupa dirishani. Nikatoka na matope yale, nikakiokota. Akakitupa tena. Mara ya tatu akakitia mdomoni kwanza, ndipo akakitupa. Kisha akaona fremu haijajaa, akaanza kulia, akachukua nyekundu akajazia. So, so, mi, do. Akapiga hivyo, akatulia. Ukitaka ukweli, ilipendeza kuliko yangu.

Lakini mimi nilishakasirika. Namwambia "nyamaza hapa, hapa kimya", kwa mdomo, maneno mengi juu ya kimya! Dada anayenisaidia darasani alikuwa anafagia. Hajui do wala re. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mwalimu, hizo rangi nyingine zote unampa cha kufanya. Hiyo nyeupe afanye nini?"

Nikakaa chini. Kweli. Kwangu kimya ni pigo, nalihesabu ndani. Kwake lilikuwa shimo, tena shimo lililoandaliwa na mwalimu. Jioni ile nikakichukua kile kipande, na alama ya jino lake ikiwamo, nikachora kwa maka peni mkono uliolala juu ya paja. Kesho yake, so, so, mi, nikaweka mkono wangu pajani. Akatazama picha, akatazama mkono wangu. Akaweka wake. Tangu siku hiyo kipande cheupe hakijaruka dirisha. Ila anakipiga kipaja kofi, pa! Kwa hiyo kimya chetu kina kishindo kidogo. Nimekiacha hivyohivyo.

Kuhusu kumalizika: ukutani nina ubao mwembamba wenye fremu nne tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Tukimaliza moja, yeye mwenyewe anaitoa na kuitia kwenye boksi lililoandikwa IMEKWISHA. Mpangilio huu wa kazi kuanzia kushoto na kumalizikia kwenye boksi si wa Tanga. Umeenezwa na akina Eric Schopler wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, tangu miaka ya 1970. Boksi langu mimi ni la sabuni. Lakini shoga, sharti ni moja, usimdanganye. Fremu nne zikiisha, wimbo umekwisha, hata kama darasa zima linapiga kelele liongezewe. Wakitaka zaidi, ongeza fremu ubaoni kabla ya kuanza, siyo katikati. Mimi niliwahi kuongeza katikati, mara moja tu, kwa sababu mkaguzi alikuwa amekaa nyuma na nilitaka aone zaidi. Ilinichukua wiki mbili kurudi pale nilipokuwa.

Tena usipambe ukuta. Wenzetu wakisikia "zana za picha" wanajaza manila za kila rangi mpaka kwenye dari. Mtoto aone ubao mmoja, nyuma yake ukuta mtupu. Na ukishaonyesha kipande, punguza mdomo. Najua kwako hilo ni gumu, na kwangu pia. Picha na maneno yako vikija pamoja, vinagombana.

Nikuonye na jambo jingine, la watu wazima. Wakisikia usonji na muziki wanasubiri muujiza, mtoto akae kwenye piano apige kila alichokisikia. Wako wenye sikio la ajabu, sikatai. Wangu huyu kwaya ikishuka sauti kidogo tu anasema "siyo", na nikipima kwenye kinanda nakuta kweli imeshuka. Lakini mwenzake wa dawati la pili hana sikio lolote, anapenda tu kugusa ngoma ikiwa inapigwa, ausikie mtetemo kwenye kiganja. Huyo naye ana somo lake na fremu yake. Na tarehe 2 Aprili, ile siku Umoja wa Mataifa ulioitenga kwa ajili ya usonji, usikubali wakupandishe jukwaani na watoto mbele ya maspika. Mwaka mmoja nilikubali. Tulisherehekea usonji kwa sauti ambayo watoto wangu wanne walilia chini ya meza.

Siku hiyohiyo waandaaji walinibandika kifuani beji yenye kipande cha picha ya kuunganisha. Alama hiyo ilianzia Uingereza mwaka 1963, kwenye chama cha wazazi wa watoto wenye usonji, na wakati ule kipande kilikuwa na picha ya mtoto analia. Wengi wenye usonji, watu wazima wanaojisemea wenyewe, hawaipendi: inawafanya waonekane fumbo, au watu waliopungukiwa kipande. Nami nilirudi darasani nikiwa na beji kifuani na mkoba mzima wa vipande mkononi, nikaona aibu kidogo. Nikaivua. Vipande vyangu ni vya wimbo, yeye hana kipande kilichopungua.

Kwa huyo wako, usianze na kwaya. Anza na noti mbili, fremu moja, ninyi wawili, mlango wazi. Mlango uwe wazi kweli, asijione amefungiwa. Akitoka, usimfuate na wimbo. Wangu mpaka leo haimbi, na sijawahi kumwomba aimbe. Anapiga kinanda kwenye fremu zote nne, wenzake wanaimba, yeye anawaongoza bila kuwatazama, na ikifika nyeupe darasa zima linapiga mapaja, pa! Watoto wenyewe ndio walioanza kumwiga. Stika za kinanda wenzangu wananiuliza nitazitoa lini ili asome noti "za kweli". Nimewaambia waulize tena mwakani.

Mzigo utaupokea stendi, Jumatano Mungu akipenda, nimeufunga kwa kanga ile yako ya zamani uliyoisahau kwangu, usinidai tena. Ndani mna fremu nne, ubao, boksi halimo, utatafuta lako. Vipande ni 31. Vihesabu mbele ya kondakta. Rangi ya mafuta imekauka vizuri lakini kingo pitisha msasa tena, mikono yao ni myepesi kuona kilichokwaruza. Cheupe nimekutumia kipya, nimekichora mkono upya. Kile chenye jino nimebaki nacho, mwenyewe alikitafuta Ijumaa na hakuanza mpaka nilipokitoa mkobani.

Dagaa wakishuka bei usinisahau.

Ni mimi shoga yako,
wa Chumbageni