Magunia kumi na moja na neno “kumbe”

Mlimba, 12 Mei

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba. Picha zako zote zimefika. Jibu naliandika kwenye karatasi kwa sababu vidole vyangu na ile simu havielewani. Mdogo wako ataipiga picha akurushie. Huku hatujambo. Mvua imepungua, mpunga wa bondeni umeanza kuinamisha shingo, na mama yako yuko vitani na ndege tangu alfajiri.

Nianze na la hela, lisikuweke roho juu. Zile laki sita za kumpa yule bwana aliyekugawia kadi siku ya maonesho ya mataifa hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili “akushikie nafasi” ya ufadhili, sitatoa. Usinune. Nikueleze jambo ambalo hujawahi kuambiwa.

Mwaka 2009, kaka yako alipomaliza kidato cha sita, alifika mtu hapa nyumbani amevaa suti, jua la Mlimba lile unalolijua. Alikuwa na bahasha, karatasi zenye mihuri, na picha za vijana wamesimama kwenye theluji. Akasema nafasi zimebaki mbili, na moja ameiweka pembeni kwa ajili ya kijana wangu kwa sababu amesikia ana akili. Mtu akikusifia mtoto, unalegea. Alikunywa chai yetu, akasifu maandazi ya mama yako, akaongezwa. Kesho yake niliuza magunia kumi na moja ya mpunga. Simu yake iliita kwa wiki mbili, baadaye ikawa haipatikani. Mama yako nilimwambia hela nimemkopesha mwenzangu wa relini aliyefiwa, na yule wa suti alikuwa mnunuzi tu wa mpunga. Kaka yako alijua, akanyamaza, wala hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ulikuwa mdogo mno kukumbuka, lakini mwaka ule sisi, watu wa Mlimba, tulinunua mchele dukani. Mama yako asiyajue haya.

Kwa hiyo vipeperushi vya ufadhili ulivyonitumia sikuvitazama kama picha. Nimevisoma neno kwa neno, vya Kiingereza nikisaidiwa na mwalimu jirani yetu, siku tatu mfululizo baada ya magharibi. Wajerumani wa DAAD, Wamarekani wa Fulbright, Waingereza wa Chevening, wale wa Ulaya wa Erasmus Mundus: hakuna hata mmoja anayedai senti ya kupokea maombi. Gharama zipo, sikatai. Kuna pasipoti, kuna nakala za vyeti za kugongwa muhuri, pengine kuna mtihani wa lugha. Lakini kila moja ina ofisi yake na risiti yake. Nafasi haishikwi na mtu mwenye kadi mfukoni. Kadi yake iweke, itafaa kuwashia jiko.

Mengine nimeyachambua hivi. Chevening inataka miaka miwili ya kazi baada ya shahada. Wewe uko mwaka wa pili, hicho kiache kwanza. Erasmus Mundus ni shahada ya uzamili inayosomwa katika nchi mbili au zaidi, na aliye mwaka wa mwisho anaruhusiwa kuomba. Hicho kiandike mahali. Kichina unachojifunza pale Taasisi ya Confucius, ile ya Wachina hapo chuoni, usikiache. Nimeona picha uliyopiga mbele ya ile maktaba mpya waliyotujengea, iliyofunguliwa 2018, na hilo gauni jekundu la Kichina limekukaa vizuri. Mama yako amelionesha kanisani.

Ila kuna kipeperushi kimoja ulichokitumia na maneno yako chini yake: “Hiki nimekiruka baba, ni cha kufundisha Kiswahili tu.” Hapo ndipo nilipovua miwani.

Kiswahili tu?

Wewe ndiye uliyenisimulia kisa cha yule dada wa Kimarekani. Ukasema amekaa hapo chuoni kwenu Mlimani miezi minne, anajifunza Kiswahili, na siku ya maonesho alikuja kwenye banda la Tanzania na daftari, akawauliza neno “kumbe” maana yake nini. Mkacheka. Mmoja akamwambia ni kama mshangao, mwingine akasema “ni kumbe tu, utazoea.” Kisha mkampa sambusa, mkapiga naye picha. Kwenye picha ameshika sambusa mkono mmoja na mkono mwingine daftari, wazi, halina kitu.

Mwanangu, unasomea ualimu wa Kiswahili. Mtu amevuka bahari kuja kuuliza swali lililo kwenye kazi yako, naye ameondoka na sambusa.

Hebu tulitazame lenyewe. Nikisema “umefika,” nimetoa habari. Nikisema “kumbe umefika,” nimekwambia nilikuwa nadhani hujafika, na sasa nimegundua nilikosea. Ndani ya neno moja kuna dhana yangu ya jana na macho yangu ya leo. Ndiyo maana huwezi kumwambia mtu “kumbe” juu ya jambo ulilolijua tangu zamani, watakuona mnafiki. Tena kuna “kumbe ndiyo tabia yako,” na hapo mshangao haupo kabisa, hapo ni kesi. Mimi ni fundi wa reli mstaafu, sikusoma isimu, na haya nimeyapata nikiwa nafukuza ndege. Wewe mwenye wahadhiri na ile maktaba ungemjazia daftari zima.

Nasema hivi kwa sababu swali la namna hiyo lilinipata nikiwa na umri wa kukuzidi kidogo. Niliingia TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mwaka 1983, genge la kutunza njia, kipande cha hapa Mlimba kwenda Makambako, kwenye milima, mahandaki na madaraja. Reli ilikuwa imejengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, na wataalamu wa Kichina walikuwa bado wanakuja kutusaidia kuitunza. Kwetu alikuwepo mmoja, mtu mzima, mkimya, na kijikamusi kimekunjwa mfukoni mwa shati. Kiswahili alianza kukisoma kwao kabla ya kuja. Nilishangaa, nikamuuliza kumbe kwao kinafundishwa. Akacheka. Kwao redio ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopata Uhuru.

Siku moja nyundo ilimponyoka mwenzetu ikamwangukia mguuni mwenyewe. Genge zima tukasema “pole!” Mchina akatutazama mmoja mmoja, akauliza: nani amekosa? Katika kamusi yake aliona “pole” ni neno la kuomba radhi, sasa watu kumi na wawili wanaomba radhi kwa nyundo ambayo hawakuigusa. Nilitaka kumwambia “utazoea,” kama mlivyofanya ninyi. Lakini alisimama anangoja, jua linamchoma, na nyundo bado iko chini. Basi nikajaribu. Nikamwambia pole si kukiri kosa. Umebeba gunia peke yako, mimi napita njiani, siwezi kulibeba lote lakini nashika pembe moja. Pole ndiyo ile pembe. Akaandika. Tangu siku hiyo hakuiacha. Mvua ikitunyeshea, pole. Chai ikichelewa, pole. Taruma la zege likipasuka, analiinamia, analigusa, “pole.” Tulicheka hadi machozi, lakini jioni alinifuata na maneno mengine matano, na kesho yake matano tena, naye akaanza kunionesha namna ya kusoma michoro ya njia, jambo ambalo genge halikufundishwa. Cheo changu cha kwanza nilikipata kwa ile michoro, mama, na michoro ilinijia kwa sababu ya “pole.”

Turudi kwenye hicho ulichokiruka. Wanakiita FLTA, kiko chini ya Fulbright. Kinamtaka mwenye shahada, umri kati ya miaka 21 na 29, mwalimu au anayesomea ualimu wa Kiingereza au fani ya jirani nayo. Unakwenda chuo kikuu cha Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, kama miezi tisa, unasaidia kufundisha Kiswahili, na wewe mwenyewe unasoma masomo kadhaa pale pale. Hakitoi shahada, hilo sikatai. Na ukimaliza unarudi nyumbani. Ni sharti, si ombi. Mwalimu jirani anasema vijana wengi wanakidharau kwa sababu hiyo ya kurudi. Mimi kwa hiyo hiyo nimekipenda, ingawa najua baba akisema hivyo anaonekana mchoyo. Ukirudi utakuwa umefundisha darasa la watu wasiojua hata “jambo,” umejua vyuo vyao kwa ndani, na ukiomba shahada ya uzamili popote utakuwa na la kuandika kuliko “napenda kujifunza tamaduni mbalimbali.” Sentensi hiyo nimeiona kwenye ile barua yako ya maombi uliyonitumia niisome. Ifute. Kila mtu anapenda tamaduni mbalimbali siku ya pilau.

Tena si Marekani peke yake. Kiswahili kinasomwa Leipzig na Bayreuth kule Ujerumani, Osaka kule Japani, Seoul, Beijing. Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, umekipa siku yake, Julai 7, tangu 2021. Na wewe uko hatua chache kutoka TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambako kazi yao ni kukitafiti, kamusi zinatoka pale, na unapita kila siku ukienda kwenye mhadhara. Umeshawahi kuingia hata kuomba maji?

Usinielewe vibaya kuhusu maonesho yenyewe. Nimeyapenda. Hicho chuo tangu zamani ni njia panda: Walter Rodney alitoka Guyana akafundisha historia hapo, Museveni alisoma hapo akamaliza 1970. Wageni si jambo la jana. Ninachouliza ni mlikaaje kwenye banda. Wachina, umesema, walikuwa na mtu wa kufundisha kuandika jina lako kwa brashi. Wajapani walikunjisha watu karatasi. Wajerumani walikaa na orodha, ukitaja kozi yako wanakwambia uende kwa nani. Sisi tulipika. Ngoma ilipigwa, shanga zikavaliwa, watu wakashiba, jioni mkakunja kanga. Sasa mwakani weka meza ndogo pembeni ya sufuria. Kaa na kiti cha ziada. Anayekuja kuchukua pilau mwambie atalipa kwa neno: aulize neno moja la Kiswahili linalomsumbua, nawe umjibu mpaka aridhike. Usiyoyaweza yaandike, uwapelekee wahadhiri wako. Hilo daftari ndilo utakalolitaja kwenye maombi, na hakuna mwenye suti anayeweza kukuuzia.

Na wiki hii mtafute yule dada. Mwombe radhi kidogo tu, msianze kupiga picha, mpe jibu la “kumbe.” Kisha muulize na yeye maneno ya Kiingereza ambayo hakuna anayeweza kukueleza. Atakuwa nayo.

Kuhusu pasipoti, hiyo nitakulipia. Ni shilingi 150,000, nitazituma baada ya mavuno, na nataka nione risiti. Anza kushughulikia kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa sasa hivi, maana kile cha kwako kina jina la ukoo lenye herufi iliyorukwa, na kosa la herufi moja nimeona linavyoweza kumzungusha mtu miezi. Usingoje hadi mwaka wa tatu.

Nimekutumia kilo ishirini za mchele kwa basi la Ifakara, mchele wa mwaka jana lakini unanukia. Nusu ni wako. Nyingine mpikie yule dada na wenzake.

Nilikuwa namalizia hapo. Mama yako ametoka shambani, amepita nyuma yangu kimya kimya, amesoma hadi pale penye magunia. Amesimama kitambo, kisha amesema neno moja tu, “Kumbe!”, na ametoka nje kwenda kuwafukuza ndege, ingawa giza limeshaingia na ndege wamekwenda kulala.

Hiyo nayo mpelekee yule dada, muone kama ataweza kuitafsiri.

Baba yako