Barua ya wazi kwa vijana wangu mnaochangia harusi kwa pesa ya kodi ya nyumba

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mlioajiriwa miaka hii miwili mitatu, mliopanga chumba na sebule Kimara, Tabata na Mbagala, ambao kila ikifika tarehe 10 mnaulizana mshahara umekwenda wapi. Mwezi uliopita hapa mtaani kijana mwenye ajira yake nzuri katolewa vyombo nje kwa deni la kodi. Kwenye simu yake mna magrupu saba ya harusi, na yote saba ameweka ahadi. Imeniuma, na imeniudhi vilevile, kwa sababu kijana huyo halewi wala hachezi kamari. Ni mtoto mwenye adabu ambaye hajawahi kukaa chini akaamua mwenyewe kipi kitangulie na kipi kisubiri, basi wenzake wakamwamulia.

Mwaka 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba kupanga ni kuchagua. Aliyasema hayo kwa nchi nzima. Mtu mwenye mshahara mmoja atayakwepaje?

Tuanze na hesabu, maana wengi wenu mnapanga maisha kwa mshahara ulioandikwa kwenye mkataba. Chukua mshahara wa msingi wa 800,000 kwenye kampuni binafsi. NSSF asilimia 10, 80,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Mkononi zimebaki 540,000. Nyumba ya 150,000 kwa mwezi, hata kama mwenye nyumba anadai ya miezi sita kwa mkupuo, itengee kila mwezi: zinabaki 390,000. Chakula cha 6,000 kwa siku ni 180,000. Nauli ya 2,000 kwa siku 22 za kazi ni 44,000. LUKU, maji, gesi na bando, weka 60,000. Umebakiwa na 106,000. Kadi ya singo, yaani ya kuingia harusini mtu mmoja, siku hizi unaambiwa 50,000. Harusi mbili tu zimemaliza mwezi, na mama yako hujamtumia hata senti.

Sasa fanyeni hivi. Nunua kaunta buku. Omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu, ya benki na ya simu. Mitatu, kwa sababu mwezi mmoja hudanganya. Unaweza kuwa mwezi wa msiba au mwezi uliolipa kodi. Kila pesa iliyotoka iandikie herufi moja pembeni: A kwa niliyoamua mwenyewe, O kwa niliyoombwa, S kwa nisiyoikumbuka. Pesa uliyotoa kwa wakala na hujui ilifanya nini ni S, usiitungie maelezo. Makato ya kutoa na kutuma yajumlishe peke yake, utashangaa mtu anayetoa elfu kumi kumi kila siku anaacha kiasi gani kwa wakala. Mwisho jumlisha A, O na S, kila moja kivyake.

Funga daftari, lala. Kesho yake, bila kurudia ukurasa ule, andika mambo yasiyozidi matano ambayo yakikosekana mwaka huu yatakuuma kweli. Hapa ndipo wengi mnapoharibu. Mnaandika maneno ya kumfurahisha mchungaji au shehe: familia, elimu, ibada. Hayo hayakupi cha kufanya Jumatatu. Kipaumbele kina jina, kiasi na siku. "Mama, 40,000, kila tarehe 28." "Ada ya mtihani wa bodi, ikamilike kabla ya Septemba." "Kulala saa nne usiku, Jumapili hadi Alhamisi." Kisha yapange moja hadi tano, na yasiwepo mawili yanayogombania nafasi ya kwanza. Ukishindwa kuyapanga, jiulize: mshahara ukichelewa wiki mbili na nina 60,000 tu, nalipa kipi? Hicho ndicho cha kwanza, hata kama hupendi kukubali.

Ndipo uzifungue kurasa zote mbili. Jambo lililo kwenye orodha yako ya matano na halina hata shilingi kwenye miamala, bado hujaliamua, unalitamani tu. Na ukikuta O imeizidi A, ujue mshahara wako unapangwa na watu wengine.

Nirudi kwenye michango, maana hapo ndipo O inaponenepa.

Mchango wenyewe si adui. Wazee walichangiana mchele, kuni na mikono, na mpaka leo msiba wa maskini unasimama kwa rambirambi za majirani. Msiba utangulie daima. Ninachokikataa ni hiki kilichozuka: kitchen party, halafu send-off, halafu harusi, sherehe tatu kwa wawili walewale, na kila sherehe ina sare yake, kitambaa na mshono. Vikao kila wiki na vinywaji mezani. Ikiisha, watu wanakutana tena kuvunja kamati, wanakula kilichobaki. Bwana na bibi harusi wamerudi kwenye chumba chenye godoro chini, na hakuna kwenye kamati aliyeuliza kama wana jiko.

Na ahadi zenu za uongo ndizo zinazowazamisha. Kamati inalipa kianzio cha ukumbi kwa fedha taslimu, lakini chakula, mapambo na mshereheshaji wanavipanga kwa jumla ya ahadi. Wiki ya mwisho ahadi hazijaingia, na bwana harusi anakwenda kukopa. Kwa hiyo wewe uliyeandika 100,000 kwa aibu, ukijua huna, umempa rafiki yako deni la kuanzia ndoa.

Mfuko wa michango uwekeni hivi. Asilimia 5 ya unachopokea: kwa mfano wetu, 27,000 kwa mwezi, 324,000 kwa mwaka. Ndugu wa damu mmoja, 100,000. Marafiki watatu wa kweli, 40,000 kila mmoja. Zinabaki 104,000, nazo ni za misiba na wagonjwa, haziguswi kwa kadi yoyote. Pesa hii ikae kwenye laini au akaunti ya peke yake. Ikiisha Agosti, imeisha mpaka Januari. Ukiingizwa kwenye grupu la mtu asiye ndani ya hao wanne, usinyamaze miezi miwili ukitumiwa vikumbusho. Mwandikie mhusika mwenyewe siku ileile: "Hongera sana ndugu yangu. Mwaka huu mfuko wangu wa michango umeshajaa, sitaweza kuahidi. Nawaombea heri." Kisha toka. Usitaje ugonjwa wala usingizie ada ya mdogo wako. Uongo utakudai uongo mwingine.

Kukopa ili uchangie, hapo sina upole. Ukichukua 100,000 kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kwa riba ya 30,000 kwa mwezi, ukawa unalipa riba tu, baada ya miezi minne umetoa 120,000 na ile laki moja bado unadaiwa kamili. Wengine mnakimbilia mikopo ya kwenye simu inayowapigia simu jamaa zenu wote mkichelewa siku moja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kabla hujabonyeza popote, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

Mengine nayataja tu. Kikoba kimoja, kisizidi, maana viwili marejesho yake hugongana wiki moja. King'amuzi kifurushi cha chini au usilipie kabisa. Simu inayofanya kazi haibadilishwi. Nguo ya sare ivaliwe hata kwenye sherehe ya pili, na anayekucheka mwache. Jumamosi mbili kwa mwezi ziwe zako, na hilo mliandike kabisa.

Na ninyi wakubwa wa maofisini, mnawaumiza watoto hawa. Orodha inapita mezani, juu kabisa jina la mkuu na 200,000, halafu inapelekwa kwa aliyeanza kazi juzi. Aandike nini? Tumieni bahasha isiyo na jina. Na sisi wazazi tunaodai ukumbi mkubwa ili tusionekane tumeshindwa, tunawafundisha watoto wetu kuwaogopa watu wasiowalipia hata maji.

Mlio na ahadi tayari, mpigie mweka hazina wiki hii, usimtumie meseji. Mwambie nilichonacho ni 30,000, naituma sasa, naomba kwenye daftari ahadi ishuke iwe hiyohiyo. Afanye hivyo kabla kamati haijampa mpishi idadi ya sahani. Atakasirika kidogo, kisha atafuta na kuandika upya.

Ni mimi shangazi yenu,
Dar es Salaam