Baba, hii ndiyo kazi ninayojifunza

Pittsburgh, Pennsylvania
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mzima wa afya, baridi imeanza kulegea, na mchana bado naenda kwenye kazi yangu ya kutunza wazee. Jioni ndiyo naingia darasani.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simuni hatukumaliza. Uliniuliza kama nimevuka bahari ili niwe utingo wa gari la wagonjwa. Sikulaumu. Ulinisomesha ukitarajia nesi, mtu ambaye akitajwa mbele za watu hakuna anayeuliza kazi yake ni nini. Sasa naomba unisikilize mpaka mwisho, kisha uniambie unavyoona.

Gari la wagonjwa tulilozoea sisi lina dereva mbele na machela nyuma, na sifa yake ni mbio. Kwa hawa watu matibabu yanaanzia pale pale mgonjwa alipoangukia, iwe jikoni au katikati ya barabara. Anayeyaanza ndiye mimi, nikifaulu. Ngazi yangu inaitwa EMT, yaani mhudumu wa tiba ya dharura. Juu yangu wapo maparamediki, wanaochoma dawa mshipani na kusoma umeme wa moyo. Mtaala wa taifa unakadiria saa 150 hadi 190 za masomo kwa ngazi yangu, kisha unafanya mtihani wa bodi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970, makao yake yako Columbus, Ohio. Mtihani ni wa kompyuta, na kompyuta inakuchagulia swali linalofuata kwa kutazama ulivyojibu lililotangulia.

Tunafundishwa kumpa oksijeni anayehema kwa shida, kumtafunisha aspirini mtu mzima anayebanwa kifua kama haina madhara kwake, kumpaka sukari ndani ya shavu mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa nguvu lakini bado anaweza kumeza, kumzalisha mama ambaye mtoto hakusubiri hospitali. Tunafundishwa pia dawa ya nalokisoni, inayopulizwa puani kwa mtu aliyezidisha heroini au fentanili hadi pumzi ikaanza kukatika. Najua mateja mtaani kwetu wanavyopitwa kama hawaonekani. Darasani hakuna anayeuliza kama mtu huyo anastahili. Anahema au hahemi, basi, na nimeipenda sana kazi hii kwa jambo hilo.

Kinachonikaa zaidi mikononi ni kukandamiza kifua. Mtu akianguka, haitiki, hapumui, unapiga magoti pembeni yake, kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, unakandamiza kwenda chini kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukishuka unakiacha kifua kirudi juu chenyewe, maana hapo ndipo moyo unapojaa damu tena. Mara 30, kisha pumzi mbili, kisha 30 tena, mpaka mashine ya kushtua moyo ifike. Dakika mbili tu mabega yanawaka, ndiyo maana tunapokezana. Wakati huo, Baba, moyo wa yule mtu ni mikono yako. Ubongo ukikosa damu kwa dakika chache unaanza kufa, na hakuna gari lenye mbio kuliko dakika hizo.

Mji huu ni wa vilima na mito mitatu. Una ngazi za umma zaidi ya 700 zinazopanda kutoka mtaa hadi mtaa, na nyumba nyingi kongwe zina ngazi nyembamba za mbao. Wanafunzi tunapopelekwa kufuatana na magari, kazi kubwa huwa ni kumteremsha mgonjwa. Kuna kiti maalumu chenye mikanda: mmoja anashika juu, mwingine anashuka kinyumenyume, wa tatu anamshika mgongoni huyo anayeshuka asikose ngazi. Unamweleza mgonjwa kila hatua kabla ya kuitenda. Mzee anayebebwa na vijana asiowajua anaona haya, na maneno ya upole yanamsitiri.

Siku moja tuliitwa kwa mama mmoja Mkongo. Jina na mtaa wake sheria ya hapa hainiruhusu kukutajia. Wenzangu walikuwa wanamuuliza, yeye anatikisa kichwa tu. Nikamwamkia kwa Kiswahili, nikamuuliza: Mama, kifua kimeanza kubana saa ngapi? Maumivu yanakwenda mkononi? Una dawa unazotumia? Akanikamata mkono, akajibu moja baada ya jingine, na paramediki akaandika yote. Njia nzima hakuniachia mkono.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nisiionee haya kazi hii. Karibu na katikati ya mji kuna mtaa wa Weusi uitwao Hill District. Katika miaka ya 1950 serikali iliubomoa upande wake wa chini, watu wapatao 8,000 wakahamishwa, pakajengwa uwanja mkubwa. Siku hizo mgonjwa wa mjini hapa alibebwa na gari la polisi: anatupiwa nyuma, polisi wote wawili wanakaa mbele, akifika hai ni bahati. Sehemu nyingine za Marekani gari la kubebea wagonjwa lilikuwa lile lile la kubebea maiti. Daktari mmoja mzaliwa wa Vienna, Peter Safar, bingwa wa kurudisha pumzi, akasema raia wa kawaida wanaweza kufundishwa kazi hii. Mwaka 1967 wakachukuliwa wanaume kutoka Hill District, wengi hawana ajira, wengine hawakumaliza shule, wakafundishwa kwa miezi mingi. Chombo chao kiliitwa Freedom House Ambulance Service. Watu hao ni miongoni mwa maparamediki wa kwanza kabisa Marekani, na mafunzo yao yakawa kielelezo kwa nchi nzima.

Mwaka 1975 mji ukaanzisha huduma yake na kuifunga Freedom House, na wengi wao wakasukumwa pembeni. Linaniuma kila basi langu linapopita mtaa ule. Mmoja wao, John Moon, alibaki, akapanda hadi kuwa mkuu msaidizi wa huduma ya mji.

Na daktari aliyewasimamia miaka ile ya mwisho, mwanamke aitwaye Nancy Caroline, unajua alikuja kufanya kazi wapi? Nairobi, miaka ya 1980, na AMREF, wale wa madaktari wa ndege. Niliposoma hivyo niliona kazi hii imeshafika kwa jirani zetu zamani.

Ndiyo maana mawazo yangu yako kwenye mgahawa wako, Baba. Uko njia panda ya Segera, mabasi ya Arusha, Moshi, Tanga na Dar yanapita mbele yako usiku na mchana. Ajali ikitokea, wa kwanza kufika ni wewe, mama ntilie na vijana wa bodaboda. Nyinyi ndio mnaozishika zile dakika za mwanzo, na moyo wa kusaidia mnao. Mlichonyimwa ni mafunzo tu. Mmeona namba ya simu ya dharura 115 ilivyoanza kuwafikisha wajawazito na watoto wachanga hospitali, kwa madereva wa humo humo vijijini. Linawezekana.

Nimeongea na mwalimu wangu kuhusu hili, na haya ndiyo ya kuanza nayo. Kwanza usalama wenu: matawi barabarani pande zote mbili, mbali na ajali, kabla hamjamgusa mtu. Likiwa lori la mafuta, kaeni mbali kabisa na muwazuie watoto. Hatujasahau Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Pili damu: kitambaa safi, khanga inatosha, kandamiza kwa nguvu zote na usiinue kuchungulia. Mkono au mguu ukiendelea kumwaga damu, funga kitambaa kipana kati ya jeraha na kiwiliwili, si kwenye jeraha lenyewe, ingiza kijiti, sokota mpaka damu ikome, andika saa, na usifungue mpaka hospitali. Tatu shingo: asivutwe mtu kwa mikono kutoka kwenye gari kama hakuna moto. Mmoja ashike kichwa kisitikisike, wengine wambebe kwa pamoja juu ya ubao. Aliyezimia anayepumua mgeuzeni kwa ubavu, kichwa na mwili vikienda pamoja, asipaliwe na matapishi, na majeruhi yeyote asinyweshwe maji hata akiomba kwa machozi. Na Mama aache kumwekea mtu wa kifafa kijiko mdomoni. Atoe vitu vya kuumiza karibu naye, akimaliza kutetemeka amlaze ubavu. Moto au uji ukimuunguza mtoto, maji ya bomba dakika 20. Dawa ya meno hapana.

Naomba uzungumze na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, unitafutie vijana kumi walio tayari kujifunza, wasichana wakiwemo. Muulize pia mganga mfawidhi wa zahanati kama atakubali kuwasimamia, maana sitaki ionekane tumepita juu yake. Nikija Desemba nitakuja na glavu na mdoli wa kukandamizia kifua. Ukumbi tutatumia mgahawa, asubuhi kabla wateja hawajawa wengi, kama hutajali.

Mtihani wangu ni mwezi ujao. Niombee dua. Nisalimie kaka, shangazi wa Korogwe na wote wanaoniulizia. Jibu la mwenyekiti nitumie kwa simu ya kaka, hata kama ni la kukataa.

Binti yako akupendaye