Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Siri ya Mteja na Wanaoidai

Ndugu wanachama,

Jambo lililoishughulisha zaidi kamati yetu ya maadili mwaka huu ni siri ya mteja, na aghalabu anayeidai ni yule anayelipa ada, awe mzazi, mwajiri au mwalimu mkuu. Mwajiri huandika barua ya heshima akiuliza iwapo mfanyakazi aliyemgharimia vikao "anafaa kuendelea na kazi". Msimamo wa kamati ni kwamba mwanasaikolojia athibitishe mahudhurio pekee, tena kwa ridhaa ya maandishi ya mteja. Tathmini ya ufaafu kazini, ikihitajika, ifanywe na mtaalamu mwingine asiyemhudumia. Najua msimamo huu umewakosesha baadhi yenu mikataba, lakini siuoni wa kulegezwa.

Lililotugusa kwa karibu ni uamuzi wa Mahakama Kuu, Nairobi, wa Januari 9, 2025, uliotamka kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, mteja aliyetueleza kwamba alikunywa dawa ya wadudu alikuwa, machoni pa sheria, anakiri kosa lenye kifungo cha hadi miaka miwili, na haishangazi kwamba wako walioandika majalada yao kwa mafumbo. Sasa tuandike waziwazi, kwa kuwa mtaalamu atakayempokea mteja huyo baadaye atalitegemea jalada hilo. Hata hivyo, wajibu wa kutoa taarifa pale uhai unapokuwa hatarini haukuondolewa, na mteja aelezwe mpaka huo katika kikao cha kwanza, kabla hajaanza kusimulia.

Kuhusu simu nitasema machache. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Anayeomba ushauri kwenye kundi la WhatsApp akataja mtaa, kazi na umri wa mteja, hata jina akiliacha, amekwisha kumtambulisha, hasa katika mji mdogo wenye muuguzi mmoja wa zamu ya usiku anayejulikana na wote. Mashauri ya aina hiyo yapelekwe kwa msimamizi wako wa kitaaluma.

Rasimu ya fomu mpya ya ridhaa, yenye sehemu ya mtu wa tatu anayelipa, itapigiwa kura katika mkutano mkuu. Marekebisho yamfikie katibu kwa maandishi kabla ya siku hiyo.

Mwenyekiti