Nguru mliyetuuzia kuwa wa leo

Shangani, Mtwara
16 Oktoba 2024

Meneja Mkuu,
Mtwara Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAMAKI ALIYEHARIBIKA NA HUDUMA TULIYOPEWA JUMAPILI TAREHE 13 OKTOBA 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wa mgahawa wenu tangu mlipofungua. Wageni wangu nawaleta kwenu, na hata kikao cha harusi ya binti wa jirani tulikifanyia kwenye meza zenu za uani. Nimeona nikuandikie wewe kwanza kabla sijaenda kwingine, kwa sababu bado naamini jambo hili mnaweza kulirekebisha wenyewe.

Jumamosi jioni nilipiga simu kuweka meza ya watu saba. Mdogo wangu alikuwa amekuja na mkewe kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya msimu wa korosho. Alipanga kuja tangu Mei, lakini mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara pale Somanga, akaahirisha. Miezi yote hiyo alikuwa akinipigia simu akisema hamu yake ni nguru wa nyumbani, wa mchuzi wa nazi. Kwa hiyo kwenye simu niliuliza mambo mawili tu: kama samaki atakuwa wa siku hiyo, na kama mnaweza kupika bila pilipili maana mama yetu ana vidonda vya tumbo. Nikajibiwa, "Usiwe na wasiwasi dada, samaki wetu ni wa leo leo, na pilipili tunaweka pembeni." Oda nikaiacha hapo hapo kwenye simu ili tusikae kusubiri.

Tulifika saa saba mchana. Chakula kilitufikia saa nane na dakika arobaini. Katika muda huo msimamizi wa zamu alipita mezani kwetu mara tatu. Mama yangu ana miaka 71. Hakupewa shikamoo wala karibu, kijana huyo alisimama juu ya kichwa chake na kuuliza, "Mnaagiza nini?", wakati oda mlikuwa nayo tangu Jumamosi. Labda kwenu ni jambo dogo. Kwa mtu mzima aliyevaa kanga zake mpya kuja kula na wanawe, si dogo, na nililiona usoni mwake.

Bomba la kunawia lilikuwa halitoi maji. Nikaelekezwa bomba la nyuma, na njia ya kwenda huko inapita mlangoni mwa jikoni. Hapo ndipo nilipoona kilichonifanya niandike barua hii. Sakafuni, kando ya mtungi wa gesi, palikuwa na beseni la plastiki la bluu, limejaa maji ya rangi ya waridi. Ndani yake vipande vya nguru vilikuwa vinayeyuka barafu, vingine vimeelea, vingine bado vimegandana viwili viwili. Jua la mlangoni lilikuwa linapiga moja kwa moja ndani ya beseni. Juu ya ukingo wake umewekwa mfuko wa kuku mbichi, unachuruzika humo humo. Nikamuuliza mpishi, "Hawa ndio wa leo?" Akaniambia, "Wametoka kwenye friza asubuhi, umeme ulisumbua jana."

Hapo ningewanyanyua watu wangu tukaondoka. Sikufanya hivyo, na jambo hilo linaniuma hadi sasa. Nilijiambia kwamba samaki wa friza naye ni samaki, na wageni walikuwa na njaa.

Mama ndiye aliyejua kwanza. Alikata kipande kidogo, akakiweka mdomoni, akanyamaza, kisha akakitoa taratibu akakiweka pembeni ya sahani. Akamwambia mdogo wangu, "Usimle huyu, mwanangu. Anachoma ulimi." Tukamwita msimamizi. Akasema hiyo ni pilipili manga, bibi. Mama akamjibu, "Nimekaanga samaki Mikindani miaka thelathini. Pilipili naijua."

Naomba, Ndugu Meneja, ulipe neno hilo uzito wake. Mama yangu alitulea kwa samaki. Alfajiri alikuwa ufukweni kusubiri mashua, akimtazama samaki jicho kama bado limetuna na linang'aa, akifunua shavu kuona wekundu, akibonyeza nyama kwa kidole aone kama inarudi. Asiyeuzika hadi mchana hakulala mbichi: alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa awe ng'onda. Hakuwa na friji wala jenereta. Kwa miaka yote ile hakuna mteja aliyerudi kwake kulalamika tumbo. Ninyi mko mwendo wa dakika chache kutoka mahali samaki wanaposhushwa, mna friza mbili na jenereta, na mkamwambia mama huyu hajui ladha ya pilipili.

Mdogo wangu alikuwa karibu amalize kipande chake. Haikupita nusu saa akaanza kulalamika kwamba uso na shingo vinamwaka moto. Macho yakawa mekundu, kichwa kikamgonga, moyo ukawa unamwenda mbio, mikono ikawasha hadi akawa anajikuna kwa funguo za gari. Wifi yangu, aliyekula nusu, naye akaanza kuumwa kichwa. Tukaacha kila kitu tukakimbilia zahanati. Muuguzi alipomtazama tu akauliza, "Umekula nguru au jodari?" Kuharisha kulianza tukiwa pale pale.

Daktari alitueleza kwa utulivu, na ninayarudia maelezo yake ili yafike jikoni kwenu. Mdogo wangu hana mzio wa samaki. Amekula samaki tangu hajaota meno. Nguru, jodari na vibua wana kitu katika nyama yao ambacho, samaki akikaa kwenye joto, bakteria hukigeuza kuwa histamini, kemikali inayomletea mlaji dalili kama za mzio. Histamini ikishajitengeneza haiondoki. Huwezi kuiua kwa kukaanga, kwa kuchemsha, kwa ndimu wala kwa kumrudisha samaki kwenye barafu. Mara nyingi hata harufu samaki hatoi. Dalili ya mlaji ni ule mchomo wa ulimi ambao mama aliusema. Kinga ni moja tu, samaki awekwe kwenye barafu tangu anapovuliwa na asitoke kwenye baridi mpaka anapoingia kwenye sufuria. Umeme ukikatika usiku kucha na friza ikayeyuka, nguru huyo si wa kugandisha tena na kuuza Jumapili. Ni wa kutupa. Najua ni hasara. Lakini hasara hiyo mliihamishia kwenye meza yetu.

Mume wangu aliporudi kulipa alipewa bili ya kuandikwa kwa mkono, shilingi 134,200. Ndani yake nguru sahani tano 75,000, na mwisho kabisa 12,200 iliyoandikwa "huduma", ambayo haipo popote kwenye menyu yenu. Alipodai risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, aliambiwa mashine haina mtandao. Alilipa yote kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi kwa mgonjwa. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Niseme pia lililokuwa jema, maana lilikuwepo. Mbaazi zenu za nazi zilikuwa nzuri sana, zimeiva bila kuvurugika, tui zito, na watoto walimaliza sahani. Na yule binti mdogo aliyehudumu meza yetu alimletea mama maji ya kunawa kwenye birika bila kuagizwa, na mdogo wangu alipozidiwa ndiye aliyekimbia barabarani kutuitia bajaji. Nimesikia kwamba kwenye migahawa mingi sahani ikirudishwa, fedha yake inakatwa kwenye mshahara wa mhudumu. Tafadhali msimfanyie hivyo binti huyu. Kosa halikuwa lake.

Ninachoomba ni hiki. Mturudishie 75,000 za samaki, 12,200 za hiyo huduma, na 38,000 tulizolipa zahanati, jumla shilingi 125,200. Msimamizi wa zamu, au wewe mwenyewe, aje nyumbani amwombe radhi mama yangu, kwa kuwa aliambiwa mbele ya wajukuu kwamba hajui anachokisema. Na mnieleze kwa maandishi mtakavyotunza samaki umeme unapokatika, nani ana amri ya kutupa walioharibika, na lini beseni lile litaondoka sakafuni. Hili la mwisho ndilo ninalolitaka kuliko fedha. Jumapili ijayo kuna mwingine atakayeleta mama yake.

Nakala ya barua hii bado sijaipeleka kwa afisa afya wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani wala Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya usalama wa chakula. Nitaipeleka nisipopata majibu hadi Jumatano tarehe 30 Oktoba. Bili ninayo, cheti cha zahanati ninacho, na kipande alichokitoa mama kimefungwa kwenye mfuko kwenye friza yangu, endapo mtataka kipimwe.

Namba yangu ya simu mnayo kwenye daftari la kuwekea nafasi, Jumamosi tarehe 12, meza ya watu saba.

Wenu,
Mteja, Shangani