Mheshimiwa Waziri, Nyumba Zetu Mmeziacha Mwaka 1991

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Makazi, Jamii na Serikali za Mitaa, London

Mheshimiwa,

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao katika mji mmoja wa kaskazini mwa England, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Pasipoti yangu ni ya Tanzania, lakini kwa kuwa Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, sheria yenu inaniruhusu kupiga kura, ya diwani na hata ya mbunge. Sijawahi kuacha hata moja. Kwa hiyo nakuandikia kama mpigakura. Naandika kwa Kiswahili ili Wakongo, Warundi na Wakenya wanaobisha hodi kwangu na bahasha mkononi nao wasome, maana habari hii ni yao.

Jambo langu ni kodi ya halmashauri, yaani kodi ya nyumba tunayoilipa halmashauri ya mji, ile ambayo huku wote tunaiita kaunsili taksi hata tukiwa tunaongea Kiswahili.

Mwaka juzi mama mmoja wa Bukavu, Kongo, anayekaa mtaa wa pili, alikuja kwangu Jumapili jioni na bahasha tatu. Moja alikuwa ameifungua. Mbili hakuzigusa, alikuwa anaziogopa. Nilizipanga mezani kwa tarehe. Ya kwanza ilisema amekosa awamu moja, apewa siku 7. Ya pili ilisema siku zimepita, kwa hiyo hadaiwi tena ya mwezi, anadaiwa ya mwaka wote uliobaki, kwa mkupuo. Ya tatu ilikuwa samansi ya mahakama, na gharama za samansi zimeshaongezwa juu ya deni. Kosa lake lilikuwa kupunguziwa zamu kiwandani mwezi mmoja. Aliniuliza, "Dada, nimeiba nini?" Nikamwambia hujaiba kitu, tutawapigia simu kesho asubuhi. Kisha nikaona pale juu ya karatasi: Daraja A.

Nyumba ya Daraja A kwetu ni vyumba viwili juu, viwili chini, ukuta kwa ukuta na jirani, unyevu umepanda mpaka usawa wa swichi ya taa. Wewe Mheshimiwa unajua daraja hilo lilivyopatikana, lakini wenzangu wengi hawajui, na wakiambiwa hawaamini. Kila nyumba England imepewa daraja la kodi, kuanzia A la chini mpaka H la juu, kwa bei ambayo ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Serikali ya wakati ule ilikuwa na haraka ya kuizika kodi ya kichwa ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher, iliyozua ghasia Trafalgar Square, London, Machi 1990. Wakakodiwa madalali wa nyumba kupita mitaani wakikadiria bei kutoka ndani ya gari. Makadirio yale yakapewa jina la uthamini wa gia namba mbili, kwa sababu gari halikuwa likisimama. Kodi ikaanza Aprili 1993, na mpaka leo tunalipa kwa makadirio hayo. Hata nyumba inayojengwa sasa, afisa hukaa akakisia ingeuzwa pauni ngapi mwaka 1991, wakati kiwanja chake pengine kilikuwa shamba la viazi.

Kodi ya kichwa haihitaji kuelezwa kwetu. Serikali ya Waingereza ilimtoza babu yangu Tanganyika, kiasi kile kile kwa mwenye ng'ombe na kwa asiye na kuku, na ili aipate alikwenda kukata mkonge. Mrithi wake, kodi ya maendeleo, tulimsumbukia mpaka ilipofutwa mwaka 2003, mgambo wakivizia watu magulioni. Nilipofika huku na kusikia kwamba Waingereza wenyewe waliikataa kodi ya kichwa barabarani, niliwaheshimu sana. Ndiyo maana inaniuma kuona iliyowekwa mahali pake inavyomlemea yule yule.

Daraja la juu kabisa, H, ni kwa nyumba iliyozidi pauni 320,000 kwa bei ya 1991. Zaidi ya hapo hakuna daraja jingine. Mwenye H hulipa mara tatu ya mwenye A katika halmashauri hiyo hiyo, hata nyumba yake ikiwa na thamani mara hamsini. Ukivuka mpaka wa halmashauri mambo yanazidi kuwa mabaya. Mwaka wa fedha 2024/25, nyumba ya Daraja H katika Westminster, katikati ya London, ilidaiwa chini ya pauni 2,000. Nyumba ya kawaida ya Daraja D Nottingham ilidaiwa zaidi ya pauni 2,400. Nimezirudia hesabu hizo mara kadhaa nikidhani nimekosea mahali.

Tena Nottingham ni mji ambao halmashauri yake ilitangaza Novemba 2023 kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Birmingham ilikuwa imetangaza la kwake Septemba ya mwaka huo huo, ikapandisha kodi kwa karibu asilimia 10 mwaka uliofuata. Nakubali kwamba kila moja ina makosa yake, na Birmingham deni la mishahara ya wanawake waliopunjwa lilikuwa halali kabisa. Lakini kuna jambo halihitaji uzembe wa diwani yeyote. Mnaziambia halmashauri zijiongezee kodi hadi asilimia 5, zikitaka zaidi ziitishe kura ya maoni. Asilimia 5 kwenye mji uliojaa nyumba za Daraja A haileti pesa inazoleta kwenye mji wa nyumba kubwa. Na wenye nyumba za Daraja A ndio wenye wagonjwa wengi, wazee wengi wasio na akiba, watoto wengi wanaohitaji ulinzi wa halmashauri.

Hapo najua ninachosema, maana mshahara wangu unatoka humo. Kwenye bili kuna mstari wa huduma kwa watu wazima, huo ni mimi. Nina dakika 15 kumwamsha mzee, kumsafisha, kumpa dawa na kumwekea chai. Bibi mmoja ninayemhudumia hunishika mkono nikiwa tayari nimevaa koti. Mji wetu ulipopungukiwa, ziara yake ya mchana ndiyo iliyokatwa, na kodi ikapanda mwaka huo huo.

Mtaniambia kuthamini nyumba upya ni hatari kisiasa. Mwaka 2005 serikali ya chama cha Labour iliahirisha uthamini uliopangwa kuanza kutumika 2007, na tangu hapo hakuna aliyeugusa. Lakini Wales walifanya, wakaanza kutumia madaraja mapya mwaka 2005, na Wales ipo. Na Novemba 2025 Rachel Reeves, akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza kwamba kuanzia Aprili 2028 nyumba za zaidi ya pauni milioni 2 zitalipa nyongeza ya pauni 2,500 hadi 7,500 kwa mwaka, kwa bei za leo. Hilo naliunga mkono. Lakini pesa hizo zitakwenda Hazina, hazitafika kwenye ziara ya mchana ya bibi yangu. Na kama serikali inaweza kuwatuma wathamini kwenye nyumba za matajiri kwa bei za leo, kwa nini mtaa wetu ubaki kwenye bei za 1991?

Kuna hoja moja ninayoiheshimu. Ni ya mjane anayebaki peke yake kwenye nyumba kubwa, hana kipato ila pensheni. Nawaosha wajane kama hao kila asubuhi na sitaki mmoja wao ahamishwe. Lakini dawa mnayo tayari: mzee akiingia nyumba ya kulelea wazee, sheria ya 2014 inaruhusu deni lake lisubiri mpaka nyumba yake iuzwe. Fanyeni hivyo hivyo kwenye kodi.

Ninachoomba ni uthamini mpya wa nyumba zote England, madaraja yaongezwe juu na chini, na pesa zitakazoongezeka zirudi kwenye halmashauri zilizo hoi. Na wakati hayo yanaandaliwa, ondoeni kabisa utaratibu wa kumdai mtu mwaka mzima kwa kukosa mwezi mmoja, kabla hata ya kumuuliza yaliyomkuta. Wathamini wakija safari hii, gari lisimame. Washuke, waguse ukuta wenye unyevu.

Mama wa Bukavu tulimpigania, akakubaliwa kulipa pauni 20 kwa mwezi. Gharama za samansi hazikufutwa. Bahasha zake sasa huzileta siku ile ile zinapofika, hazijafunguliwa, tunazifungua pamoja.

Wako,
Mhudumu wa wazee na mpigakura, kaskazini mwa England